Mwaka wa familia uko mara tatu tu: Februari, Mei na Septemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nijibu ile makala ya mipango ya pesa ya familia mliyotoa juzi, ile iliyosema kila mwenye familia agawe mshahara mafungu matatu, nusu iende kwa mahitaji ya lazima, asilimia 30 kwa starehe na asilimia 20 iwekwe akiba. Niliisoma mara mbili nikiwa nakanda unga, ukurasa wenyewe uko na alama za mafuta mpaka leo. Hapo kwa asilimia 30 ya starehe nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kuna nini.

Sina ubaya na aliyeandika, anaonekana ni mtu msomi na ametaka kutusaidia. Lakini hiyo hesabu ni ya mtu ambaye pesa yake inaingia mwisho wa mwezi na inatoka kwa mwezi. Sisi hapa Walukuba, Jinja, Uganda, na najua hata Busia na Arua ni vilevile, pesa inaingia kila siku kidogo kidogo halafu inatoka mara tatu kwa mwaka kwa kishindo, Februari, Mei na Septemba, shule zikifungua. Mwezi kwetu ni wa kulipa nyumba tu. Ukipanga kwa mwezi wakati deni lako kubwa linakuja kwa muhula, utakuwa unapanga vizuri kabisa na bado mtoto anarudishwa nyumbani.

Wacha nianze na mshahara wenyewe maana hapo ndio makala ilianzia. Mzee wangu anafanya kazi kiwandani, kwenye karatasi mshahara wake ni shilingi 600,000. Watu wakisikia laki sita wanasema Mama Shamim uko vizuri. Sasa shika ile karatasi ya mshahara tuisome pamoja. Kodi ya PAYE, ile mwajiri anakata kwenye mshahara, inaanza kwa mtu anayezidi 235,000 kwa mwezi, kutoka hapo mpaka 335,000 wanakata asilimia 10, kutoka 335,000 mpaka 410,000 asilimia 20, na inayozidi hapo asilimia 30. Kwa laki sita inatoka 82,000. NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 5 yake, hiyo ni 30,000. Anabaki na 488,000, na ikifika Julai mpaka Oktoba kuna ile kodi ya huduma ya serikali ya mtaa inakatwa kwa mafungu manne, kwa hiyo miezi hiyo anapungua tena. Sa mtu akiniambia nitoe asilimia 20 ya mshahara, ni mshahara upi, huu wa karatasi au huu unaofika mkononi? Makala haikusema.

Na niseme ukweli, mi kwa miaka mingi nilikuwa najua mume wangu analipwa laki sita, nyumbani naona laki tatu na kitu, nikawa na hakika zingine ziko kwa mwanamke fulani. Kumbe 112,000 imekwenda kabla hajaigusa, na nyumba ameshalipa mwenyewe. Siku tulipoiweka ile karatasi mezani nilinyamaza kama mtoto. Kabla ya asilimia yoyote, mwambieni msomaji aanze hapo, mume na mke waonyeshane karatasi.

Hiyo 488,000 inalipa vyumba viwili, Yaka (umeme wa kulipia kabla), maji, posho (ndio ugali wetu) na maharage, na mama yake Tororo anatumiwa kidogo. Tarehe 20 ikifika imekwisha. (Kiswahili chetu nacho, kodi ya nyumba na kodi ya serikali vyote tunaita kodi, na kweli zote mbili hazijui kungoja.) Kwa hiyo shule iko kwa chapati zangu.

Watoto ni watatu, mmoja S.3 (sekondari mwaka wa tatu), mmoja P.6 (msingi darasa la sita), mdogo yuko P.2. Fizi, nyinyi mnaandika ada, zote pamoja ni 960,000 kwa muhula. Ongeza rikwaimenti, vile vitu shule inataka mtoto aje navyo, rimu ya karatasi, karatasi za chooni, ufagio, sukari, viatu ambavyo kila mara vimekwisha mguu mmoja, weka 120,000. Jumla 1,080,000. Mwaka una mihula mitatu, ukigawa siku za mwaka kwa tatu unapata kama siku 120, nikitoa Jumapili ambazo siuzi zinabaki kama 103. Gawa 1,080,000 kwa 103, ni kama 10,500 kwa siku. Hiyo ndio namba ya nyumba yangu. Sijui asilimia, najua 10,500. Nimeiandika kwa chaki kwenye ubao wa kibanda ndani, upande ambao mteja haoni, na jioni nikizima sigiri kitu cha kwanza natoa hiyo, kabla ya mafuta ya kesho, kabla ya unga. Siku nikiuza vibaya nikatoa 6,000 naandika chini ya namba "deni 4,500", na kesho ninalijua. Ukiniambia milioni moja na elfu themanini naogopa, ukiniambia 10,500 najua ni kukanda unga zaidi kidogo na kufungua saa kumi na mbili badala ya saa moja.

Lakini hesabu hii haikuja kwa akili, ilikuja kwa maumivu. Mei 2023, wiki ileile ya kufungua muhula wa pili, mtoto wangu mdogo alishikwa na malaria mpaka damu ikapungua. Hospitali za serikali hatulipi tangu 2001, hiyo najua na nashukuru, lakini usiku ule tulikimbilia kliniki iliyokuwa karibu, na damu, drip na dawa vikamaliza pesa ya shule yote niliyokuwa nayo. Mtoto alipona. Wakubwa wawili wakarudishwa nyumbani wiki iliyofuata. Mzee akaenda kwa mkopeshaji mmoja hapa mtaani, akachukua 400,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na akaacha kadi yake ya ATM na namba ya siri. Wengi wanaosoma hapa wanajua mchezo huo. Mwisho wa mwezi yule bwana anakwenda mwenyewe kwenye mashine, anatoa mshahara wa mume wangu, anakata 80,000 yake ya riba, halafu anamhesabia mzee kinachobaki pale barabarani kama anayelipa kibarua. Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Riba peke yake ikafika 400,000, sawasawa na mkopo, na mkopo wenyewe uko palepale haujapungua hata shilingi. Hatukuuliza kama ana leseni ya UMRA, ile mamlaka ya kusimamia wakopeshaji, hatukuuliza chochote, ukiwa na mtoto mgonjwa na wawili wamekaa mlangoni na sare za shule huulizi.

Kilichotutoa ni NSSF, na hapa najua wengine watanipinga. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, mtu aliyefika miaka 45 na ameweka miaka 10 anaruhusiwa kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya uzee. Mzee alifikisha 45 mwaka huohuo wa 2023. Alikuwa na 9,400,000, asilimia 20 ni 1,880,000. Tuligombana wiki mbili. Mi nilisema hiyo ni pesa ya uzee usiiguse, yeye akasema uzee gani nitafika kama huyu mtu ananihesabia mshahara wangu barabarani. Mwishowe tukapiga hesabu. Kuiacha NSSF ingepata faida, mwaka wa 2022/23 walikuwa wametoa asilimia 10, kwa hiyo hiyo 1,880,000 ingezaa kama 188,000 kwa mwaka mzima. Mkopeshaji kwa laki nne tu alikuwa anakula 960,000 kwa mwaka. Hapo nilinyamaza mara ya pili.

Na wakati wa kuomba ndio tukagundua kitu kingine. Kwenye taarifa yake kulikuwa na mashimo, miezi saba ya mwaka 2019 haionekani. Kwa mwajiri wake wa zamani, karatasi za mshahara za miezi hiyo anazo, kila moja imekatwa 25,000 ya NSSF, lakini haikufika. Mwajiri anatakiwa kuongeza asilimia 10 juu ya ile 5 ya mfanyakazi, na kupeleka zote ndani ya siku 15 za mwezi unaofuata. Kwa mshahara wake wa wakati ule wa laki tano ni 75,000 kwa mwezi, mara saba ni 525,000, bila faida. Alipeleka zile karatasi, wakaandika, kesi bado inakwenda. Kama hangezitunza kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati angesema nini? Siku hizi taarifa unaiona kwenye simu, na mi nimeifanya ibada, kila tarehe 20 namwambia Baba Shamim fungua simu tuone kama mwezi uliopita umeingia.

Pesa ilipotoka tulilipa mkopeshaji 480,000, deni na riba ya mwezi wa mwisho, kadi ikarudi. Nyingine hatukununua kitu. Tulilipa muhula wa kwanza wa 2024 wote kwa mpigo kabla shule hazijafungua, ikabaki 200,000 tukaiita ya ugonjwa, na kidogo nikaongeza katoni za unga. Tangu siku hiyo tuko muhula mmoja mbele. Ninachoweka leo si cha kulipia mtoto aliye darasani leo, ni cha muhula unaokuja. Mwalimu akituma karatasi ya ada pamoja na ripoti siishiki kwa mikono inayotetemeka.

Sasa wapi pa kuweka, hapa makala ilisema benki, ikaishia. Benki ina uzuri wake, ikianguka kuna mfuko wa serikali unaolinda mpaka milioni 10 kwa kila mwenye akaunti, sakosi (vyama vya akiba na mikopo) na vikundi vyetu vya akiba havina hiyo. Lakini benki haipokei 10,500 yangu saa mbili usiku nikiwa na unga kwenye kucha. Mi naweka kwenye simu jioni, na Jumapili sehemu inaenda kikundini, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti na sanduku liko kwa wa nne.

Kikundi nacho kilikuwa na kosa moja kubwa, na nadhani nchi nzima wanalifanya. Tulikuwa tunagawana wiki ya pili ya Desemba. Pesa ya mwaka mzima inafunguliwa siku kumi na kitu kabla ya Krismasi! Inaliwa nyama, inanunua nguo, inapanda basi kwenda kijijini na kurudi, Februari tunakutana kwenye kikundi kilekile tunaomba mkopo wa fizi. Nikasimama nikasema tugawane wiki ya mwisho ya Januari. Weh! Mzee mmoja akasema huyu mama ni Mwislamu ndio maana Krismasi haimhusu. Nikamwambia Idi yangu pia sitaki ifunguliwe sanduku. Hajati mwenyekiti akapigisha kura ya mikono, tukashinda kwa mikono miwili. Mwaka wa kwanza watu wawili walijitoa. Mwaka wa pili mmoja alirudi, na yule mzee ndio siku hizi anawaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake, tumemwacha.

Kuhusu kodi. Mobaili mani, pesa za kwenye simu, ilianza na kodi ya asilimia 1 Julai 2018, kelele zikapigwa, ikashushwa mpaka asilimia 0.5 na inakatwa kwa kutoa tu. Ndio maana fizi silipi kwa kutoa pesa taslimu kwa ajenti nikaipeleka shule, nalipa moja kwa moja kutoka kwenye simu na risiti inabaki humo. Ningetoa ile 1,080,000 yote ningemwachia serikali 5,400, na gharama za kampuni ya simu juu yake. Ni chapati tano na nusu, lakini ni zangu. Data nayo ina asilimia 12 tangu Julai 2021, hapo sina ujanja, watoto nawaambia tu kwamba video pia ni kodi.

Halafu kuna kodi ya biashara ndogo ambayo wenzangu sokoni wanaikimbia kama jini bila kuijua. Mauzo, nasema mauzo si faida, yakiwa chini ya milioni 10 kwa mwaka hakuna kodi hiyo ya mapato. Kutoka milioni 10 mpaka 30, asiye na kumbukumbu analipa 80,000 kwa mwaka, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 0.4 ya kile kinachozidi milioni 10. Mi nauza kama 70,000 kwa siku, kwa siku 310 ni 21,700,000. Nikitoa milioni 10 inabaki 11,700,000, asilimia 0.4 yake ni 46,800. Tofauti ni 33,200, na kilichonipa hiyo tofauti ni daftari la kurasa 96 ambalo mtoto wa P.6 ananisaidia kujumlisha kila jioni, na yeye hesabu zake shuleni zimepanda. Leseni ya biashara ya jiji iko pembeni, usichanganye, kuna mama hapa alilipa leseni akafikiri amemaliza yote.

Bima nitaisema kwa ufupi maana bado inaniuma. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa, tukashangilia, mpaka leo kadi hatujaiona. Miaka kadhaa kabla ya hapo kijana mmoja wa bima mwenye tai alinipata kibandani, akaniuzia bima ya elimu, 50,000 kwa mwezi, ati ni akiba na bima kwa pamoja. Nililipa miezi minane, biashara ikalegea nikaacha. Nilipokwenda kudai 400,000 yangu wakanionyesha mstari kwenye mkataba, ukiacha kabla ya miaka mitatu hupati kitu. Mstari ulikuwepo, sahihi ni yangu, na mkataba ulikuwa wa Kiingereza kurasa kumi na nne. Sisemi bima ni wizi, nasema mtu anayepata pesa kwa siku asifunge mkataba wa kila mwezi wa miaka kumi kwa maneno ya mtu aliyesimama. Akiba iwe akiba, bima iwe bima. Na wenye boda, mzee wangu ana ndugu yake kule stendi alivunjika mguu akaja na stika ya thadi pati akidhani italipa. Hiyo inamlipa uliyemgonga, wewe dereva haikujui. Kikundi chetu kina mfuko wa dharura, kila mmoja 1,000 kwa wiki, ndio bima yetu kwa sasa, unalipa jeneza na drip na haudai riba. Ni kidogo, ugonjwa mkubwa hauwezi, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko fizi.

Mhariri, nina maombi mawili. Kwanza, kila Juni bajeti ikisomwa mtutolee ukurasa mmoja wa kodi zilizobadilika kwa Kiswahili hiki tunachoongea, na mfano wa mtu wa laki sita na mtu wa chapati, si mfano wa kampuni. Pili, tarehe za mihula ya mwaka mzima wizara ikizitoa mzichape mapema na kwa herufi kubwa, nizikate nibandike ubaoni karibu na ile namba. Maana mwakani wa S.3 anaingia S.4, kuna pesa ya usajili wa mtihani wa taifa wa UNEB, na 10,500 itabidi nifute niandike nyingine. Nimeanza kupiga hesabu, inakuja kama 12,000 na kitu, na bei ya mafuta ya kupikia imepanda tena wiki hii.

Wako,
Mama Shamim,
Walukuba, Jinja